Taa ya ABS ikiwaka, si lazima kompyuta imekufa
Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu ya madereva hapa Malindi: taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki) ikiwaka, nunua kompyuta ya breki ya mtumba, ifunge mwenyewe nyumbani kwa spana mbili, umemaliza. Si hivyo.

Mara nyingi tatizo ni sensa ya gurudumu, yaani kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu, au waya wake. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi. Chomoa plagi ya sensa na huenda ukakuta kutu ya kijani kwenye pini. Hapo kompyuta haina kosa. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari itakuonyesha ni gurudumu lipi halileti taarifa. Pimeni kwanza, jamani, kabla ya kutoa pesa.

Na ikiwa kweli imekufa? Magari mengi hutaka programu ya kompyuta iandikwe upya kulingana na gari lenyewe. Ukifungua mabomba ya oili ya breki, upepo unaingia, na kwa baadhi ya magari hautoki wote mpaka mashine iamuru pampu ya ABS izunguke. Pedali inabaki laini kama sifongo.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu gari bado linasimama. Kweli, breki za kawaida zinafanya kazi. Kinachokosekana ni kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga ghafla kwenye barabara yenye maji. Taa ya ABS ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiliendeshe gari kabisa.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyekutumia apeleke gari likapimwe.