Kwa nini chapa ubavuni mwa ng'ombe huishia kuchafua mto?

Je, wajua kwamba fundi wa kiwanda cha ngozi anaweza kueleza ng'ombe aliishije, ingawa hakumwona akiwa hai? Siku ngozi inapofika haoni mengi, manyoya yanaficha. Huloweshwa kwanza, kisha hutiwa kwenye maji ya chokaa na sodiamu salfaidi mpaka manyoya yang'oke. Hapo ndipo hujitokeza vitundu vya kupe, michirizi ya miiba, makovu ya fimbo na chapa ya moto.

Kovu halifutiki. Ngozi ni nyuzi za kolajeni, aina ya protini, zilizosukana, na palipoungua hupona kwa nyuzi zilizobanana, bila vinyweleo. Pakitiwa rangi hapanywi sawasawa na pembeni yake. Pakivutwa kwenye kalibu ya kiatu, hupasuka. Kibaya zaidi, wafugaji wengi hupiga chapa ubavuni au pajani, karibu kabisa na eneo lenye ngozi imara kuliko zote. Chapa ya ukubwa wa kiganja humlazimu mkataji kuizunguka, na vipande vinavyobaki kati ya kovu na ukingo hutupwa.

Sasa tazama gharama. Kusindika tani moja ya ngozi mbichi huchukua takriban mita za ujazo 30 hadi 40 za maji, na ngozi iliyokamilika hupatikana kilo 200 hadi 250 tu. Ngozi yenye makovu hutumia maji yaleyale, chokaa ileile, kromiamu ileile (kemikali ya kuifanya ngozi isioze), ambayo kwa usindikaji wa kawaida sehemu yake kubwa, pengine theluthi, hubaki kwenye majitaka. Mnyama aliumia, mto ukachafuliwa, na kiatu hakikupatikana.

Hereni ya sikio humtambulisha ng'ombe bila kugusa ubavu; Tanzania ina sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu 2010. Josho la mara kwa mara huzuia kupe. Anayelazimika kupiga chapa aipige shavuni au chini ya goti, ingawa maumivu yapo palepale.

Machinjioni, ng'ombe aliyepigwa na kukimbizwa havuji damu vizuri, na mishipa yake huonekana kwenye ngozi kama mizizi. Ngozi ikishaanza kuachia, mchunaji aisukume kwa ngumi, kwani ncha kali ya kisu huacha matobo. Kisha ipakwe chumvi ndani ya saa chache, upande wa nyama: ngozi ya kilo 20 huhitaji kilo 8 hivi. Kabla ya kuiloweka, ikung'utwe vizuri, maana chumvi ikishayeyuka, mitambo ya kawaida ya kusafisha majitaka haiiondoi.