Kuonya si kukaripia: dhana potofu kutoka kwenye madaftari ya Kigoma

Zoezi lenyewe ni fupi. Tunga sentensi tano ukitumia onya, kanya, kemea, karipia na asa. Nimelitoa miaka kadhaa hapa Kigoma, na kila nikirudi nyumbani Mwanga na rundo la madaftari nakutana na yaleyale: Mama alimwonya Juma. Mama alimkanya Juma. Mama alimkemea Juma. Maskini Juma, anaandamwa mara tano na hatuambiwi hata mara moja kafanya nini. Sarufi haina kosa. Lakini ukiyahamisha maneno hayo, hili likae pale na lile huku, hakuna kitakachoharibika, na hapo ndipo ninapojua kwamba mtoto hajayaelewa. Nami siwalaumu sana, kwa sababu wazazi wao wanaamini hivyohivyo.

Dhana: maneno haya yote ni visawe, chukua lolote

Twende Kibirizi, ufukweni. Jioni mzee anatazama mawingu upande wa Kongo, anawageukia vijana wanaopakia taa na nyavu. "Wanangu, leo msiende mbali." Hapo amewaonya. Vijana wanaenda. Asubuhi wanarudi wamelowa chapachapa, wavu umechanika, dagaa hakuna. Sasa mzee anasema mengine, na sauti si ile ya jana. Hapo anawakaripia. Midomo ni ileile na masikio ni yaleyale, ila saa imebadilika. Onyo hutazama lijalo, karipio hutazama lililokwisha tendeka. Ndiyo maana naikata kwa wino mwekundu sentensi kama "Baba alimkaripia Juma asiende ziwani kesho". Kesho haijafika, Juma hajakosa. Baba alimwonya, au alimkanya.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: mbona kazini mtu hupewa barua ya onyo baada ya kukosa? Swali zuri. Barua ile haisemi tu kwamba umechelewa, inasema ukichelewa tena utaona. Jicho lake liko kwenye mara ya pili. Mpirani ni hivyohivyo: kadi ya njano ni onyo kwa sababu bado uko uwanjani na dakika zimebaki. Tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Simba na Yanga katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Mukoko Tonombe wa Yanga alipooneshwa nyekundu kabla ya mapumziko, hakuna aliyesema ameonywa. Aonywe ya nini, naye anatoka?

Neno lenyewe linajieleza ukilitazama vizuri. Pona huzaa ponya, yaani kumfanya mtu apone. Kana huzaa kanya. Na ona huzaa onya: kumfanya mtu aone kabla hajafika.

Dhana: karipio ni kelele

Hii ndiyo inayowapoteza hata watu wazima. Karipio linaweza kuwa kimya kabisa, likakaa kwenye karatasi. Februari 2020 Kamati Kuu ya CCM ilitoa uamuzi kuhusu makada wake: Bernard Membe alifukuzwa uanachama, Abdulrahman Kinana akapewa karipio. Hakuna aliyedhani kwamba Kinana aliitwa chumbani akapigiwa kelele. Karipio ni adhabu yenye jina lake. Ukali wake uko kwenye uzito wa anayelitoa, si kwenye koo.

Na uzito huo una ngazi. Mkubwa humkaripia mdogo, mwalimu mwanafunzi, bosi mfanyakazi. Mdogo hamkaripii mkubwa, hata akiwa na haki. Hapa Ujiji kijana akiona mzee anakanyaga ubao uliooza wa boti atasema, "Shikamoo mzee, samahani, hapo pameoza." Amemtahadharisha, na adabu imebaki mahali pake. Akiandika kwenye daftari "Nilimkaripia babu", mimi nasita hata kabla ya kutafuta kosa la sarufi. Labda ndivyo ilivyotokea nyumbani kwao, lakini basi hiyo ni habari nyingine, siyo zoezi la Kiswahili.

Dhana: karipia na kalipia ni matamshi tu

Tunaambiwa sisi watu wa bara ndio tunaochanganya r na l, eti wenzetu wa Dar wamesalimika. Magazeti ya hukohuko Dar yameandika "kalipio" mara nyingi tu, kwa hiyo tusionewe. Hata hivyo kosa ni kosa, na hili lina ucheshi wake. Mwandikie jirani ujumbe wa simu, "Mkalipie mtoto", uone. Mwenye haraka atasoma m-ka-lipie: nendeni mkamlipie ada. Ungekuta mtoto amefanya utundu na bado analipiwa.

Kuna na wanaodhani karipia imetoka kwenye "karipa", kama vile pika na pikia. Karipa haipo. Neno limekuja na ule mkia wake wa -ia, na mtendwa hulifuata moja kwa moja: alimkaripia dada, si "alikaripia kwa dada".

Dhana: "alinifoka" na "aligombana na mimi" ndiyo kusema nimekaripiwa

Kufoka ni habari ya chungu. Maji yanachemka hadi yanapanda na kumwagika, hayo yamefoka. Mtu naye hufoka hivyohivyo, hasira inamwagika, na hapo bado hatujasema nani amelowa. Ukitaka kumtaja, kuna fokea: alinifokea. "Alinifoka" inachechemea.

Kugombana nako kunahitaji wawili. Mtoto aliyeinamisha kichwa huku mama anasema hajagombana na mtu, amegombezwa. Wapo walimu wenzangu wanaolikata neno gombeza kwamba ni la mtaani. Si la mtaani, ni Kiswahili safi, na kwa maoni yangu ndilo neno la nyumbani kuliko yote katika kundi hili. Karipia linanuka ofisi kidogo.

Dhana: kukemea ni kwa mapepo

Kwa anayesali kila Jumapili inaeleweka. Lakini serikali hukemea rushwa, viongozi wa dini hukemea ukatili, na bibi hukemea ufujaji wa maji. Kinachokemewa si lazima kiwe na masikio. Hata katika Injili Yesu aliukemea upepo, na hilo mtoto wa mvuvi analielewa haraka kuliko mtoto wa mjini. Jaribu kusema "aliuonya upepo" uone lugha inavyokataa.

Dhana: kuasa, kuasi, tofauti ndogo

Ndogo kama shimo la choo. "Mkuu wa wilaya aliwaasa vijana" maana yake aliwapa nasaha. "Vijana waliasi" maana yake walivunja utii. Halafu wapo wanaotia h kwa mbwembwe, "aliwahasa", na mwingine anamalizia na i kabisa. Kuhasi, wafugaji wanajua, ni kumtoa dume uwezo wa kuzaa. Vijana wa watu walikuja kusikiliza hotuba tu!

Dhana: "nimekutahadhari"

Hapana. Kutahadhari ni kujichunga mwenyewe. Ukimchunga mwingine, unamtahadharisha. Na kwa wanaoishi kwa ziwa, hapa pana faida zaidi ya alama za mtihani, kwa sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Nimesikia watu wakizisoma kama vile ni mapambo ya maneno, jambo moja kwa majina matatu. Si moja. Angalizo linakutaka ufungue macho. Likipanda kuwa tahadhari, na zaidi tahadhari kubwa, madhara yanayotarajiwa ni mazito zaidi. Tofauti ya visawe, ambayo darasani inakugharimu nusu alama, huko inakukuta katikati ya maji.

Muhula uliopita msichana mmoja aliandika: "Bibi alimkaripia kuku aliyedonoa dagaa, akamwambia wewe na mama yako hamna haya." Mwenzangu tuliyesahihisha naye akasema kuku hufukuzwa, hakaripiwi, tumpe nusu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikampa alama zote: kosa limeshatendeka, bibi ni mkubwa, na kuku, kwa kadiri ya bibi, alikuwa anasikia.