Kwa nini kinyozi alipie wimbo ambao redio imeshaulipia?

Ingia kwa kinyozi Nairobi au Mombasa: spika iko juu ya kioo, redio inaimba, na ukutani, kando ya leseni ya kaunti, pamebandikwa leseni ya muziki. Wengi huilipia wakinung'unika. Redio si imeshalipa? Na nyimbo za kwenye simu si nimezinunua kwa pesa yangu?

Manung'uniko hayo yanaeleweka, ila sheria hutenganisha kusikiliza na kusikilizisha. Redio imelipia kutangaza. Nyimbo za simu umenunua za kujiburudisha mwenyewe. Ukiwawekea wateja, wimbo umeingia kazini: unamtuliza anayengoja zamu yake, unamfanya abiria apande matatu hii aiache ile.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1847, mtunzi Ernest Bourget aliketi na wenzake katika mkahawa wa Les Ambassadeurs, Paris, akasikia nyimbo zake zikipigwa. Bili ilipoletwa akagoma: mnatumia kazi yangu bure, nami nakunywa bure. Kesi ikafika mahakamani, akashinda. Mwaka 1851 ikaundwa SACEM, chama cha kuwakusanyia watunzi haki zao, na hadi leo kipo. Bila chama, kinyozi angelazimika kumpigia simu kila msanii kabla ya kuwasha spika. Kwa ada moja ya mwaka, anaruhusiwa kupiga nyimbo za wanachama wote.

Shida ni kwamba wimbo mmoja una wenyewe wengi: aliyeutunga, walioimba na kupiga ala, na aliyegharamia studio. Nchini Kenya kila kundi liliunda chama chake: MCSK ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapiga ala, KAMP ya watayarishaji. Ndiyo maana mwenye duka aliweza kudaiwa na zaidi ya chama kimoja kwa wimbo uleule. Tanzania, kwa miaka mingi kazi ya kukusanya ada ilikuwa mikononi mwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999.

Kinachoniuma mimi ni mgao. Kinyozi haandiki popote nyimbo alizopiga kutwa, kwa hiyo fedha zake haziwezi kumfuata msanii mmoja mmoja. Lazima zigawanywe kwa makadirio. Kumbukumbu za redio zikiwa ndizo kipimo, mwimbaji wa taarabu au benga anayesikika vibandani asubuhi hadi usiku, lakini stesheni kubwa hazimpigi, atapata sumni.