Ukikwama, kosa la nani? Gemu tano za mafumbo

Mi kazi yangu ni kutunga mafumbo ya magemu, kwa hiyo nikicheza adventcha (gemu ya hadithi unayosonga nayo kwa kutatua mafumbo) ya mtu mwingine siangalii sana picha wala muziki, naangalia nilipokwama. Kukwama sio shida, ndo raha yenyewe, shida iko pale jibu linapokuja. Nikisema "aaah, kumbe!" gemu imenishinda kihalali. Nikisema "sa hilo ningelijuaje?" basi mtunzi ndo kachemka.

Tuanze na iliyochemka haswa. Gabriel Knight 3, ya 1999. Unataka kukodi pikipiki, ishawekwa kwa jina la rafiki yako Mosely, inabidi ujifanye yeye. Haya. Unabandika selotepu kwenye tundu la mlango wa kibanda, unampulizia paka maji, paka anatimua mbio kupitia hapo, manyoya yanabaki kwenye selotepu, unayagandisha chini ya pua kwa sirapu, tayari una sharubu. Sasa sikia kioja: Mosely mwenyewe hana sharubu! Inabidi uchukue pasipoti yake umchoree sharubu kwenye picha ndo mfanane. Jamani. Kila hatua peke yake unaweza kuitetea, ila hakuna kitu popote kinachokufanya uwaze sharubu, kwa hiyo hutatui fumbo, unapiga ramli ujue mtunzi aliamkaje siku hiyo. Na hadithi yenyewe, ya kijiji cha Rennes-le-Château kule Ufaransa, ni tamu kweli, ndo maana inaniuma.

King's Quest V (1990) dhambi yake ni nyingine na kwangu ni mbaya zaidi. Paka anamkimbiza panya, una muda mfupi mno wa kumtupia paka kiatu. Ukichelewa gemu inanyamaza kimya, we unaendelea, unasevu juu ya sevu ya zamani, afu baadaye sana unafungwa kamba ukatupwa chumba cha chini, na aliyetakiwa kuja kuzitafuna hizo kamba ni yule panya. Hayupo. Anza upya.

Mwaka huohuo ikatoka The Secret of Monkey Island, na mtunzi wake Ron Gilbert alikuwa keshaandika tangu 1989 jinsi mambo ya hivi yanavyomkera. Humo kupigana kwa upanga ni vijembe, mwenye mdomo ndo anashinda. Unapambana na maharamia njiani, kila kijembe unachopigwa unakibeba, kila jibu linalokunyamazisha unalibeba. Sa ukifika kwa bingwa, mipasho yake yote ni mipya, hujaisikia popote! Ila majibu ni yaleyale uliyookota, kazi yako ni kusikiliza uone lipi linamkaa. Umefundishwa na kupewa mtihani na wala hukujua uko darasani. Kasoro yake ni kwamba maharamia wanajirudia mpaka unachoka nao.

Return of the Obra Dinn (2018, Lucas Pope) ndo ninayoionea wivu. Meli imerudi bila mtu, ni 1807, we ni mkaguzi wa bima, una saa ya mfukoni inayokurudisha kwenye sekunde ya kifo cha kila maiti na daftari lenye watu 60 wa kuwatambua. Nilikwama kwa mabaharia wa Kichina, nikakodolea sura zao weee, kumbe vitanda vyao vya kuning'inia vina namba, namba ziko kwenye orodha ya majina, na kuna viatu vinachungulia kitandani, vilevile walivyovaa kwingine. Ushahidi nilikuwa nao tangu mwanzo. Nongwa yangu moja tu: majibu yanathibitishwa matatumatatu, kwa hiyo ukiwa na mawili ya uhakika la tatu unabadilishabadilisha majina mpaka likubali, na nakiri nimefanya hivyo zaidi ya mara moja.

Outer Wilds (2019), unazurura na chombo toka sayari hadi sayari, haikupi ufunguo wala silaha, kila dakika 22 jua linalipuka unarudi mwanzo, unachobaki nacho ni ulichokijua. Mlango uliohangaika nao jana unaupita leo kwa sababu tu umeelewa. Safi sana, isipokuwa zile sayari mbili pacha, mchanga unahama toka moja kwenda nyingine taratibu na kuna sehemu hupiti mpaka upungue, kwa hiyo jibu unalo, njia unaijua, na bado umesimama unatazama mchanga ukishuka.