Spika za Nyuma Zimenyamaza, Lakini Hazijafa

Jana mteja mwenye sinema ya nyumbani amenipigia simu kwa maneno ambayo nimeshayasikia kupita kiasi: "Fundi, spika zangu za nyuma zimeungua, na hizi mpya nilizonunua nazo hazilii." Nikamuuliza alikuwa akitazama nini. Taarifa ya habari. Taarifa ya habari kwa kawaida hurushwa kwa chaneli mbili tu, kushoto na kulia. Spika zake za nyuma hazikuwa na kitu cha kupiga, na zile mpya nazo hazikuwa nacho. Pesa imekwenda bure, na hilo ndilo linaloniuma.

Dhana: Spika za nyuma zikinyamaza, zimeungua

Spika huungua, sikatai. Lakini fikiria kidogo. Katika seti ya 5.1 (spika tano na moja ya besi), mzigo mkubwa hubebwa na spika za mbele, na spika ya katikati ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote. Za nyuma hupumzika sehemu kubwa ya filamu. Sasa iweje hizo zenye kazi nyepesi ndizo zife, tena zote mbili, siku moja, bila kukwaruza wala kutoa harufu, huku za mbele zikiendelea kuunguruma? Zikinyamaza zote mbili kwa pamoja, anza kwa kushuku sauti inayoingia kwenye risiva, yaani kile kisanduku kinachoendesha spika zote. Spika ziache kwanza.

Na kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Kila risiva ya sinema ya nyumbani niliyowahi kuifunga ina sauti ya majaribio ndani yake. Ingia kwenye menyu ya spika, sehemu ya kurekebisha viwango, uiwashe. Utasikia mvumo kama wa mvua ukizunguka spika moja baada ya nyingine. Mvumo huo unatengenezwa na risiva yenyewe, hauhitaji runinga wala filamu. Ukisikika nyuma, basi spika ni nzima, waya ni mzima na amplifaya yake ni nzima. Weka bisibisi chini. Usiguse waya hata mmoja.

Usiposikika, hapo ndipo pa kuchokonoa. Kwanza angalia kwenye menyu kama spika za nyuma zimeandikwa "None". Hutokea sana mtu akipima chumba kwa maikrofoni ya risiva wakati waya mmoja umechomoka: risiva haikuzisikia, ikahesabu hazipo. Kama menyu iko sawa, zima umeme, chomoa waya wa spika ya nyuma, uuchomeke penye spika ya mbele kushoto, kisha upige muziki. Ikilia, spika na waya havina kosa, na tatizo limebaki kwenye risiva. Isipolia, chomoa waya huo kabisa kwenye risiva, ugusishe ncha zake mara moja kwenye betri ndogo ya volti 1.5. Spika nzima hutoa "tak". Isipotoa, rudia betri hiyo hiyo kwenye matundu ya spika yenyewe, ujue kama aliyekufa ni waya au ni spika. Hapo tu, baada ya haya yote, ndipo neno "imeungua" linapopata nafasi.

Ila kwa wateja wangu wengi mvumo husikika vizuri kabisa, na kosa tunalikuta kwenye runinga. Ndani ya mipangilio ya sauti kuna kipengele cha aina ya sauti inayotoka, na kimewekwa "PCM", yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa. Runinga ikituma PCM kwa njia ya ARC (tundu la HDMI linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva) au kebo ya optiki, inafungua kifurushi cha chaneli sita yenyewe, inazikunja kuwa mbili, kisha inaikabidhi risiva chaneli hizo mbili. Badilisha iwe "Bitstream", "Auto" au "Passthrough", kufuatana na runinga inavyoandika, ili kifurushi kipite bila kufunguliwa. Nimeshawahi kumaliza kazi ya nyumba nzima kwa kubonyeza rimoti mara tatu, na mwenye nyumba alikuwa ameshapanda ngazi kufungua dari kutafuta waya uliokatika.

Hata hivyo usiichukie PCM. Kicheza diski kilichochomekwa moja kwa moja kwenye risiva kwa HDMI kinaweza kupeleka PCM ya hadi chaneli 8. Kinachobana ni ARC ya kawaida na optiki: kwa PCM, zote mbili huishia kwenye chaneli mbili.

Ushauri wangu, ambao nitaurudia hadi nichoke: soma kidirisha cha risiva kabla ya kumpigia fundi. Kikiandika "Dolby Digital" au "DTS" (majina ya vifurushi vya sauti ya filamu), na taa za chaneli za nyuma zikawaka, sauti kamili imefika. Kikiandika "Stereo" (stirio, yaani chaneli mbili) au "Direct", jibu unalo mbele ya macho.

Dhana: Spika zote zipige kwa nguvu sawa muda wote

Hapana. Spika za nyuma zimewekwa kwa ajili ya mvua, upepo, ndege inayopita juu, mlango unaofungwa nyuma ya mhusika. Watu wawili wakizungumza mezani, nyuma panaweza kuwa kimya kwa dakika kadhaa, na ndivyo mchanganyaji sauti alivyotaka. Ukitaka muziki wa stirio ujae chumbani, tumia modi ya kuutandaza: Dolby Pro Logic II kwa risiva za zamani, Dolby Surround au DTS Neural:X kwa mpya. Kwa sherehe, iko ile ya stirio kwenye spika zote.

Dhana: Kebo ya HDMI ya bei kubwa itarudisha sauti ya nyuma

Kebo haiongezi chaneli ambazo runinga haikuzituma. Angalia kwanza kama umechomeka kwenye tundu lililoandikwa ARC, pande zote mbili. Kama runinga na risiva zote zina eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, itumie, maana hiyo hupitisha hata PCM ya chaneli nyingi. Na waya mwekundu na mweupe? Hizo ni chaneli mbili, basi. Bluetooth kutoka kwenye runinga, vivyo hivyo.

Dhana: Nimegeuza chanya na hasi, ndiyo maana hazilii

Spika iliyogeuzwa hulia. Besi hupungua na sauti hukosa mahali pa kukaa, lakini hulia. Cha kuogopa ni nyuzi za waya zilizochomoza na kugusana: hapo risiva hujizima yote ili kujilinda, si za nyuma peke yake.

Dhana: Filamu imeandikwa 5.1, kwa hiyo napata 5.1

Inategemea wimbo wa sauti uliouchagua. Filamu moja inaweza kuwa na lugha moja kwa 5.1 na nyingine kwa stirio. Angalia pia mipangilio ya kifaa cha michezo au kisanduku cha kutazamia, maana nacho huweza kuwa kimefungwa kwenye stirio.

Dhana: Spika ziko nyuma yangu, kwa hiyo nizichomeke palipoandikwa "Surround Back"

Hili huwapata wenye risiva ya 7.1 na spika tano. "Surround Back" ni jozi ya tatu, ya seti ya spika saba. Ukiwa na tano, zako za nyuma zinaingia kwenye matundu yaliyoandikwa "Surround" peke yake, hata kama umezitundika ukutani nyuma ya kochi. Zima umeme, zihamishe, kisha upime chumba upya kwa maikrofoni.