Kilomita za Kwenye Dashibodi ni Makadirio

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wenye magari ya umeme hapa Kisumu yanafanana: dashibodi ilionyesha kilomita 125, chaji ikaisha mapema, basi betri ni mbovu. Mara nyingi betri haina kosa lolote.

Namba ile hutokana na umeme uliotumika katika safari za karibuni. Ukishinda wiki nzima kati ya Kondele na Kisian, gari litakadiria kana kwamba barabara zote ni tambarare. Halijui kwamba kesho unapanda Kericho, ila kama umeiweka safari hiyo kwenye ramani yake.

Chukua gari la kilo 1,600 lenye betri ya yuniti 40 za umeme (yaani kilowati-saa, kama za mita ya nyumbani), chaji nusu, yaani yuniti 20. Likitumia yuniti 16 kwa kilomita 100 za tambarare, kilomita 80 hivi za kwenda Kericho zingekula 13. Lakini Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, na Kericho imepita 2,000. Kila mita 100 za kupanda hudai karibu nusu yuniti ya ziada, kwa hiyo ongeza nne au tano. Utafika na yuniti mbili au tatu, tena bila mzigo wala kiyoyozi. Ukikimbia 110 kwa saa badala ya 80, ukinzani wa hewa nao unakaribia maradufu.

Wapo wanaoshikilia kwamba mteremko hurudisha chaji yote. Haurudishi yote. Mota huzalisha umeme gari likishuka, ila sehemu hupotea, na betri iliyojaa haina pa kuuweka. Hili tumelieleza mara nyingi.

Kuhusu kuchaji nyumbani, bei maalum ya magari ya umeme iliyoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, mwaka 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Ili kuipata, omba Kenya Power mita ya gari peke yake. Waya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, naye akupe cheti cha kazi aliyoimaliza. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na kuchezea mita ni kosa pia.

Tafadhali andikeni asilimia ya chaji mnapoondoka na mnapofika, pamoja na njia mliyopita na mzigo mliobeba. Malalamiko ya betri yakija na rekodi hiyo, fundi atakuwa na cha kupima.