Kipimo cha mapato: kufanya kazi huku ukipokea mafao ya Social Security

Nchini Marekani unaweza kuanza kuchukua mafao ya uzeeni ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali) ukiwa na miaka 62, na hakuna anayekukataza kuendelea na kazi. Ila kama hujafikia umri kamili wa kustaafu, ambao ni miaka 67 kwa waliozaliwa mwaka 1960 na kuendelea, mapato yako ya kazi yanapimwa kila mwaka. Hicho ndicho kipimo cha mapato: ukivuka kikomo, sehemu ya mafao yako inazuiliwa.

Shika hilo neno "inazuiliwa". Wengi huliita kato hili kodi, na kwa kuogopa kodi hiyo wanaacha kazi waliyokuwa wanaihitaji. Kodi ikishalipwa imekwenda. Mafao yaliyozuiliwa yanaingizwa tena kwenye hesabu baadaye.

Kwa mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 23,400. Kwa kila dola 2 zinazozidi hapo, dola 1 inazuiliwa. Katika mwaka unaotimiza umri kamili masharti hulegea: kikomo kwa 2025 kilikuwa dola 62,160, inazuiliwa dola 1 kwa kila 3, na yanahesabiwa mapato ya miezi iliyotangulia mwezi wa kutimiza umri tu. Kuanzia mwezi huo, pata kiasi chochote, hakiguswi kitu.

Kinachohesabiwa ni mshahara kabla ya makato, au faida halisi kwa aliyejiajiri. Hata fedha unayochangia kwenye akiba ya kustaafu ya kazini imo, na hapa ndipo wengi hukosea, maana wanaangalia kilichoingia benki. Pensheni nyingine, riba na gawio la hisa havihesabiwi.

Chukua mtu wa miaka 63 aliyeanza mafao akiwa na 62, analipwa dola 1,200 kwa mwezi, na mwaka 2025 kazi inampa dola 33,400. Amezidi kwa 10,000, kwa hiyo zinazuiliwa 5,000. Sasa angalia zinavyozuiliwa: Social Security hawamegi kidogo kidogo kila mwezi. Wanasimamisha malipo ya miezi mizima tangu mwanzo wa mwaka mpaka deni litimie. Huyu hapati kitu kwa miezi mitano, jumla dola 6,000, kisha ile 1,000 iliyozidi hurudishwa mwaka unaofuata. Asiyejua hili hushtuka Januari akaunti ikiwa tupu, na kodi ya nyumba haisubiri.

Akifika 67, miezi hiyo mitano inahesabiwa kana kwamba hakuwahi kuanza mapema kwa miezi 60 bali 55. Punguzo lake la kuanza mapema linashuka kutoka asilimia 30 hadi karibu 27.9, na fao linapanda kwa kama dola 36 kwa mwezi, maisha yake yote. Tusidanganyane: zile 5,000 zitatimia kurudi akikaribia miaka 79.

Kosa linaloumiza zaidi ni kutotoa makadirio ya mapato mapema. Taarifa ya mwajiri huwafikia Social Security mwaka ukishakwisha, kisha inakuja barua ya kudai malipo yaliyozidi. Piga simu au nenda ofisini mara tu unapopata kazi, ukabadilisha saa au ukapandishwa mshahara. Kumbuka pia kwamba mke, mume au mtoto anayelipwa kupitia rekodi yako naye huzuiliwa. Kwa aliyestaafu katikati ya mwaka kuna nafuu: mwaka huo wa kwanza anaweza kupimwa kwa kikomo cha mwezi, dola 1,950 mwaka 2025, hata kama mshahara wa miezi ya mwanzo ulikuwa mkubwa.

Mafao ya ulemavu yana kanuni zake, usiyachanganye na haya. Huko kuna miezi 9 ya majaribio ya kazi, yaani unafanya kazi bila kupoteza mafao, ndani ya kipindi cha miezi 60, si lazima ifuatane. Mwaka 2025 mwezi ulihesabika kuwa wa majaribio ukipata zaidi ya dola 1,160. Malipo ya kukosa ajira nayo yanasimamiwa na kila jimbo kivyake, na mapato yako ya kazi huripotiwa kila wiki au kila wiki mbili. Kwa kawaida unaandika mshahara kabla ya makato, kwenye wiki uliyofanya kazi, hata kama fedha yenyewe utalipwa wiki mbili baadaye.